Mgonjwa wa moyo akichanganyikiwa baada ya upasuaji: Kwa nini anaamshwa akae na atembee

Chukulia mfano huu. Mzee wa miaka 68 kutoka Masoko, wilayani Rungwe, amefanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam. Daktari kasema kazi imeenda vizuri. Siku ya kwanza mzee anaitikia salamu na kuuliza habari za nyumbani.

Usiku wa pili mambo yanabadilika. Anaita ng'ombe kwa majina, anasema kuna watu wamesimama juu ya dari, anavuta mpira wa mkojo na kutaka kushuka kitandani aende shambani. Binti yake anayemuuguza anapiga simu Rungwe akilia: "Baba karukwa na akili."

Nyumbani maneno yanaanza. Mmoja anasema kalogwa. Mwingine anasema madaktari wamegusa kitu kisichotakiwa kuguswa. Wa tatu anataka arudishwe haraka apelekwe kwa mtaalamu wa kienyeji.

Asubuhi, mtaalamu wa fiziotherapia anafika. Badala ya kumwacha mzee apumzike, anamwinua, anamkalisha ukingoni mwa kitanda na kumwambia asimame. Binti anashangaa. Mtu hajui hata yuko wapi, anatembezwa wa nini?

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini hali yenyewe hutokea sana kwenye wodi za upasuaji wa moyo duniani kote. Na mtaalamu yule hakukosea.

Hii hali ni nini?

Kitaalamu inaitwa deliriamu. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakotokea pale ubongo unapozidiwa na ugonjwa, dawa, maumivu au upungufu wa hewa. Huanza ndani ya saa chache au siku chache, na hubadilika-badilika. Asubuhi mgonjwa anaweza kukutambua vizuri, jioni akakuuliza wewe ni nani.

Siyo wazimu, siyo uzee, wala siyo dalili kwamba mtu kalogwa. Ni ubongo kushindwa kazi kwa muda, kama vile figo au mapafu yanavyoweza kushindwa kwa muda mtu akiwa mahututi.

Baada ya upasuaji wa moyo, mara nyingi hujitokeza ndani ya siku tatu za mwanzo. Takwimu hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, lakini makadirio yanayotajwa sana ni kati ya asilimia 20 na 50 ya wagonjwa, wazee wakiongoza.

Sababu huwa nyingi kwa pamoja:

• Mgonjwa alilala usingizi mzito wa dawa kwa saa nyingi, mara nyingi akiwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu.

• Ana maumivu ya kifua, au amepewa dawa kali za kutuliza.

• Ana maambukizi, upungufu wa maji, hajapata choo, au oksijeni iko chini.

• Hajalala vizuri. Taa zinawaka usiku kucha na mashine zinalia.

• Miwani yake imeachwa kwenye begi, hivyo haoni vizuri.

• Alikuwa mnywaji wa pombe kila siku, na sasa ameikosa ghafla. Hili familia huona aibu kulisema, lakini daktari anahitaji kulijua kabla ya upasuaji.

Aina mbili, na moja hujificha

Aina inayoonekana ni ile ya fujo: mgonjwa anapiga kelele, anavuta mirija, anataka kutoka. Hiyo hakuna asiyeiona.

Nyingine ni ya ukimya. Mgonjwa analala tu, anajibu polepole, anaangalia ukutani, hataki kula. Ndugu wanasema "leo katulia, anapumzika." Kumbe naye kachanganyikiwa vilevile, na kwa sababu hasumbui mtu, anaweza kukaa siku kadhaa bila kugundulika.

Wauguzi wana kipimo rahisi. Mgonjwa husomewa herufi kumi, moja moja, na kuambiwa abinye mkono wa muuguzi kila akisikia herufi A. Akibinya ovyo au akisahau katikati, umakini wake una shida. Ndugu naye anaweza kumwomba ataje siku za wiki kurudi nyuma: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Kama juzi aliweza na leo hawezi, mwite muuguzi.

Kwa nini mwili utibu kichwa?

Mtu akilala chali siku nzima, ubongo hupoteza alama za kujua saa na mahali. Dari ni ile ile mchana na usiku. Akikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akanyage sakafu kwa miguu yake mwenyewe na kunywa chai kwa mkono wake, ubongo unapata taarifa: sasa ni asubuhi, niko hapa, huyu ni mwanangu.

Kuna faida nyingine pia. Mgonjwa aliyekaa wima hupanua mapafu vizuri na kukohoa makohozi, hivyo oksijeni inapanda na hatari ya nimonia inashuka. Kutembea huchangamsha utumbo na kupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Mchana wenye shughuli huleta usingizi wa usiku, na usingizi ukirudi, mahitaji ya dawa za kulaza hupungua. Hizo dawa zenyewe baadhi yake huongeza kuchanganyikiwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 104 wa Marekani waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Walioanza mazoezi mapema walikaa na deliriamu siku mbili, wakati wenzao walikaa siku nne. Asilimia 59 waliondoka hospitali wakiweza kujihudumia wenyewe, dhidi ya asilimia 35 ya wale wa matunzo ya kawaida. Hawakuwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo, lakini matokeo yale yalibadilisha mtazamo wa vyumba vya wagonjwa mahututi.

Kabla ya hapo, mwaka 1999, utafiti wa wagonjwa wazee 852 katika hospitali moja ya Marekani ulionyesha kuwa kuwatembeza, kuwakumbusha walipo, kuwapa miwani, maji na usingizi mzuri kulipunguza waliopata deliriamu kutoka asilimia 15 hadi 9.9.

Dawa je? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulijaribu haloperidoli, dawa inayotumika sana kutuliza wagonjwa wa aina hii kwenye vyumba vya mahututi. Haikufupisha siku za deliriamu ikilinganishwa na dawa bandia. Bado inaweza kuhitajika mgonjwa akiwa hatari kwake mwenyewe, lakini haiondoi tatizo.

Hata hivyo mazoezi si muujiza. Utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha wagonjwa 750 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia ulionyesha kuwa kuongeza nguvu na muda wa mazoezi kupita matunzo ya kawaida hakukuleta faida zaidi, na matukio mabaya yaliongezeka. Kwa hiyo mgonjwa asisukumwe kama mwanajeshi. Aanze mapema, kidogo kidogo, huku daktari akitafuta chanzo: maambukizi, chumvi za mwili, oksijeni, dawa, hata kiharusi.

Mazoezi yenyewe yanakwendaje?

Ratiba hutegemea hali ya moyo, ila mara nyingi hatua huwa hivi:

1. Akiwa bado kitandani: kuvuta pumzi ndefu, kukohoa huku amekumbatia mto kifuani, kuchezesha vifundo vya miguu. Kitanda huinuliwa upande wa kichwa.

2. Hali ikitulia, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili: kukaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, kisha kuhamia kwenye kiti.

3. Kusimama na kupiga hatua chache, watu wawili wakiwa pembeni, mmoja akilinda mirija.

4. Kutembea kwenye korido, kila siku mbali kidogo kuliko jana.

5. Kabla ya kuruhusiwa: kupanda na kushuka ngazi. Kwa mtu anayerudi kwenye milima ya Rungwe, hatua hii isirukwe.

Mgonjwa aliyechanganyikiwa hahitaji maelezo marefu. Mtaalamu hukaa mbele yake usawa wa macho, hujitambulisha kila mara na kutoa agizo moja tu kwa wakati mmoja. "Weka miguu chini." Anasubiri. "Sasa inama mbele kidogo." Anasubiri tena.

Kazi anazozijua huenda vizuri kuliko mazoezi ya kuhesabu. Mwambie bibi "inua mkono mara kumi" anaweza kukutazama tu. Mpe kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, atanawa uso mwenyewe. Mkono umeinuka tayari.

Muda mzuri mara nyingi ni asubuhi, kwa sababu deliriamu huzidi jioni. Na zoezi husimamishwa mara moja mgonjwa akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuhema sana, au vipimo vya mapigo, presha na oksijeni vikitoka kwenye kiwango alichowekewa.

Na yule wa fujo? Silika ya wengi ni kumfunga mikono. Kufungwa humzidishia hofu, na hofu humzidishia fujo. Pale inapokuwa salama, kumkalisha kitini au kumtembeza akiwa na watu wawili humtuliza kuliko kamba. Anataka kwenda shambani? Basi atembezwe hadi dirishani.

Kifua kimefungwa kwa waya

Katika upasuaji mwingi wa kufungua moyo, mfupa wa kidari hukatwa katikati, kisha hufungwa kwa waya. Kuunga kwake huchukua takriban wiki sita hadi kumi na mbili.

Mgonjwa mwenye akili timamu hukumbuka asijisukume kwa mikono wakati wa kuinuka. Aliyechanganyikiwa husahau baada ya dakika moja. Ndiyo maana hupewa mto wa kukumbatia. Mikono ikiwa imeshika mto, haiwezi kusukuma kitanda. Huelekezwa pia ainuke kwa nguvu ya miguu, huku kiti kikiwa kirefu na imara.

Ndugu nao waelewe: mgonjwa asivutwe kwa mkono au kuinuliwa kwa makwapa. Ashikwe mgongoni na kiunoni.

Kazi ya ndugu inaanza kabla ya upasuaji

Kwa watu wengi wa Rungwe, upasuaji wa kufungua moyo maana yake ni safari. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni takriban kilomita 70, kisha siku nzima ya basi hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Upasuaji wa aina hii ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India. Taasisi ikaanza kujitegemea mwaka 2015.

Mgonjwa anatoka kwenye baridi na mvua za Tukuyu, anaamka kwenye joto la Dar, hajui sauti hata moja. Kama ni bibi ambaye maisha yake yote kaongea Kinyakyusa, Kiswahili cha haraka cha wodini kinampita. Hapo binti au mjukuu anayeweza kumwambia "ugonile" asubuhi na kumweleza kwa lugha yake alipo, anafanya kazi ambayo mashine haiwezi.

Mambo ya kubeba na kufanya:

• Miwani, meno bandia, kifaa cha kusikia kama anacho, na saa kubwa inayosomeka.

• Picha ya familia au ya nyumbani. Kitu anachokijua.

• Mpangilio wa zamu, ili aone sura chache zile zile. Siyo watu kumi kwa mara moja.

• Maneno mafupi kila mnapoingia: "Shikamoo baba. Ni mimi binti yako. Uko hospitali Dar es Salaam. Umefanyiwa upasuaji wa moyo. Leo ni Jumatano asubuhi."

• Msibishane naye. Akisema kuna watu darini, usimwambie "unaota" wala usimkubalie. Mwambie: "Mimi siwaoni, ila niko hapa na wewe, uko salama."

• Waulizeni wauguzi saa ya mazoezi, na kama ndugu mmoja anaruhusiwa kuwepo. Mtakayoyaona pale ndiyo mtakayoyafanya nyumbani.

Akirudi Rungwe

Kwa wengi kuchanganyikiwa huisha ndani ya siku chache. Kwa baadhi, hasa wazee, kumbukumbu na umakini huchukua wiki au miezi kurudi sawa. Mtu anaweza kuruhusiwa akiwa anaongea vizuri, lakini bado anasahau dawa au anapotea njia ya kwenda chooni usiku.

Huko nyumbani hatari kubwa ni kuanguka. Ardhi ya Rungwe ina miteremko, mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na udongo wenye tope huteleza. Wengi waliowekewa vali bandia ya chuma pia hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa maisha yao yote. Mtu huyo akianguka na kujigonga kichwa, damu inaweza kuvujia ndani hata kama nje hakuna jeraha.

Kwa hiyo familia ipange hivi:

• Kutembea kila siku, lakini kwenye tambarare kwanza: barazani, uwanja wa kanisa, barabara ya kijiji iliyo kavu. Dakika tano mara kadhaa kwa siku, kisha zinaongezwa. Mlima uje baadaye. Kipimo ni kuongea: akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, apumzike.

• Kigoda kiwekwe pembeni. Kuinuka kwenye kigoda kifupi humlazimisha kusukuma kwa mikono. Atumie kiti kirefu. Choo cha kuchuchumaa nacho ni tatizo. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati husaidia, mradi kisiteleze.

• Asibebe ndoo ya maji, mkungu wa ndizi, gunia wala mjukuu. Asishike jembe, asichume chai, asikamue ng'ombe hadi daktari amruhusu.

• Asipande bodaboda wiki za mwanzo. Mtikisiko na kujishikilia huumiza kidari, na ajali ndogo inaweza kuwa kubwa kwake.

• Usiku kuwe na taa ndogo na mtu karibu. Mchana akae mwangani, asilale siku nzima.

• Warfarini isikatishwe wala kuchanganywa na dawa za mitishamba bila kumuuliza daktari. Mboga za majani zinaruhusiwa, ila ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, na kipimo cha INR kisikosekane.

Akichanganyikiwa upya nyumbani

Hapa ndipo maisha hupotea. Mgonjwa aliyekuwa sawa, kisha akaanza kuchanganyikiwa ghafla akiwa nyumbani, ana tatizo jipya hadi ithibitishwe vinginevyo. Inaweza kuwa maambukizi kwenye kidonda au kwenye vali, kiharusi, damu kuvuja kichwani, moyo kushindwa kusukuma damu, au dawa kuzidi.

Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hasa akiwa na homa, kidonda kinatoa usaha, kifua kinagonga au kucheza akikohoa, mdomo umepinda, mkono umelegea, anahema akiwa amelala, au ameanguka akiwa anatumia warfarini. Kwa wakazi wa Rungwe, mlango wa kwanza ni Hospitali ya Wilaya Makandana mjini Tukuyu au Hospitali ya Misheni Igogwe, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kadi ya upasuaji na dawa zote anazotumia zibebwe.

Familia inayotaka kusali au kufanya taratibu zake ifanye, ila hospitali itangulie. Siku mbili za kuzunguka kwa waganga zinatosha kwa maambukizi ya vali au damu iliyovujia kichwani kumuua mtu ambaye angeweza kutibika.

Na yule binti aliyepiga simu akilia? Anachoweza kuwaambia nyumbani ni hiki: baba anaumwa ubongo kwa muda, madaktari wanatafuta chanzo, na kesho asubuhi atakalishwa kitini tena. Aje mtu mmoja wa kumpokea zamu, na asisahau miwani ya mzee.